iNaturalist kwa sisi tunaopiga picha nzi wadogo

Wengi huisifia iNaturalist, programu ya kutambua viumbe kwa picha, kwa ndege na maua. Mimi naitumia kwa wadudu ambao watu huwafukuza kwa mkono bila kuwatazama: nzi wa milimita mbili tatu wanaozagaa kwenye ndoo ya taka, chungu cha maua na kioo cha dirisha. Kwa kazi hiyo sijapata kitu kinachoishinda.

Ni ya bure, na unaweza kuitumia kwenye simu au kompyuta. Ilianza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tangu 2023 ni shirika linalojitegemea lisilo la kibiashara. Unaweka picha, tarehe na mahali, programu inapendekeza jina, kisha watu wanaingia kukagua. Hao watu ndio wanaonifanya nibaki.

Kabla yake nilikuwa na programu nyingine ambayo kila kinzi chenye macho mekundu ilikiita Drosophila melanogaster, nzi mdogo wa matunda, papo hapo. Lakini jike wa spishi hiyo na jike wa Drosophila simulans huwezi kuwatenganisha kwa picha ya kawaida, na hata kwa madume wataalamu huangalia viungo vya uzazi kwa hadubini. Jina la haraka namna hiyo la nini? Mapendekezo ya kompyuta ya iNaturalist nayo hutegemea spishi ambazo tayari zina picha za kutosha, na nzi wadogo wengi hawanazo, kwa hiyo yachukue kama pa kuanzia tu. Tofauti ni kwamba hapa unaruhusiwa kuishia kwenye familia au jenasi, yaani makundi mapana kuliko spishi, na wajuzi wa nzi hawaoni tabu kulirudisha nyuma jina lililokimbilia mbele. Wanajamii wakiafikiana kuwa picha imeshasema yote inayoweza kusema, hata rekodi iliyoishia kwenye jenasi inaweza kupewa daraja la utafiti, yaani hadhi ya rekodi iliyokubaliwa na wakaguzi. Mimi nauthamini sana utaratibu huo. Unaheshimu ukweli.

Majibu mazuri, hata hivyo, yanategemea picha, na kwa nzi picha ni bawa. Mvizie akiwa ametua kwenye kioo: mwanga ukipita kutoka nyuma, mishipa ya bawa inajichora yote. Kwa mishipa hiyo nimewajua wale weusi wembamba wanaotoka kwenye udongo wa vyungu. Ni familia ya Sciaridae: katikati ya bawa mshipa unagawanyika na kufanya umbo la kengele, na ukimpata kwa mbele utaona macho mawili yameungana juu ya vipapasio. Nzi wa familia ya Phoridae ana mgongo uliopinda na mbio za kushtukiza. Mishipa yake minene imebanana ukingo wa mbele wa bawa, mingine ni hafifu mno. Psychodidae, yule wa bafuni, amejaa manyoya hadi kwenye bawa, huyo hata picha mbaya inamtosha.

Ukiona doa jeusi karibu na ncha ya bawa usikimbilie kusema umepata dume la Drosophila suzukii, ndugu wa melanogaster. Nzi wengi wa familia ya Sepsidae nao wana doa hapo, ila wao wana kiuno chembamba, mwili mweusi unaong'aa, na hutembea huku wakipunga mabawa. Ndiyo maana napandisha picha ya ubavuni, ya juu na ya uso katika rekodi moja, na kuandika alikuwa juu ya nini: tunda, kinyesi, uyoga, maji ya bomba la sinki. Maelezo ya namna hiyo humsaidia mkaguzi kuliko picha ya nne ya upande uleule.

Kama unataka jina la spishi kwa kila mdudu na ulitake leo, hutafurahi. Rekodi ya nzi inaweza kukaa muda mrefu bila mtu kuigusa, maana wajuzi ni wachache na nzi ni wengi: spishi zilizokwisha kuelezwa kisayansi zinazidi 150,000.

Na kwa kuwa nzi hawa tunawapata zaidi majumbani, kabla ya kupandisha chochote fungua mpangilio wa faragha ya mahali uchague kuficha eneo kamili. Ramani itaonyesha eneo pana tu, na bado utapata ukaguzi kama kawaida.