Thangka ya Buddha wa Tiba kutoka Boudha: uzoefu wangu

Nilinunua mbili, na ya kwanza ilikuwa hasara. Naanza nayo maana ndiyo itakayowafaa wengi.

Mimi ni mfamasia, naishi Tanga. Nilikwenda Kathmandu kwa mafunzo ya kazi, na siku ya pili tu nikaingia duka moja kwenye mitaa ya watalii, nikatoka na thangka, ile picha takatifu ya Wabudha inayochorwa juu ya kitambaa cha pamba na kukunjwa kama mkeka. Niliapiwa kwamba imechorwa kwa mkono. Usiku nikaipitisha chini ya lenzi ninayosomea maandishi madogo ya dawa: vinukta vitupu, kazi ya mashine, kisha imepakwapakwa rangi ya dhahabu juu. Nilipoirudisha, mwenye duka alikataa.

Ya pili niliipata kwenye karakana ndogo karibu na stupa ya Boudha, lile kuba kubwa la ibada la Wabudha hapo hapo Kathmandu. Mchoraji aliponiona na lenzi mkononi akanisogezea kiti. “Didi,” akaniambia, yaani dada mkubwa, “tazama kwa karibu.” Nikatazama nusu saa nzima. Kila kivuli cha wingu kimejengwa kwa vimstari vyembamba kama unywele. Picha ilikuwa imekamilika isipokuwa macho na dhahabu, kwani macho hufunguliwa mwisho. Nilisubiri siku nne. Dhahabu ilipokauka aliisugua kwa jiwe la akiki mpaka ikang’aa.

Aliyechorwa ni Buddha wa Tiba, ambaye Watibeti humwita Sangye Menla. Ukiwa mtu wa dawa, picha hii utaisoma kama cheti cha daktari. Mkono wa kulia umeshuka juu ya goti, kiganja kimegeukia kwetu: ni ishara ya kutoa. Katikati ya vidole ameshika kitawi chenye tunda la arura, ambalo Watibeti hulihesabu kuwa mfalme wa dawa. Mti wake una undugu na mkungu wetu wa pwani, ule tuliokuwa tukiokota kungu zake utotoni, na hilo lilinigusa kuliko dhahabu yote. Mkono wa kushoto umetulia mapajani na bakuli la dawa. Nilikaa sana na mikono hiyo miwili. Mmoja unahifadhi dawa, mwingine unaitoa, na unaotoa ndio uliotangulizwa mbele ya mtazamaji.

Mwili wake ni buluu iliyoiva, rangi ya lapisi lazuli. Katika sutra yake, yaani andiko takatifu linalomhusu, aliweka nadhiri 12, na ya pili ni kwamba mwili wake uwe safi kama jiwe hilo, ndani na nje. Mchoraji aliponieleza ya saba, ya wagonjwa wasio na daktari, wasio na dawa wala ndugu wa kuwauguza, nilinyamaza. Watu hao nawajua. Wanakuja dirishani kwangu kila wiki. Amevaa joho la mtawa, bila mkufu wala taji, na hilo pia nimelipenda.

Nilikaribia kumchukua Tara Mweupe, mtakatifu wa kike wa Wabudha anayeombwa maisha marefu, mwenye macho saba: matatu usoni, mengine viganjani na kwenye nyayo. Ni mzuri mno. Ila kwa kazi yangu, bakuli lilishinda.

Nililipa rupia 42,000 za Nepali kwa picha ya sentimita 40 kwa 55. Si kidogo, lakini aliniambia wazi kwamba ni buluu ya mwili tu iliyosagwa kutoka kwenye jiwe, sehemu nyingine ni rangi za dukani, na kwamba angetumia mawe pote bei ingepanda sana. Ukweli huo peke yake una thamani.

Kasoro ipo. Mshono wa hariri ya pembeni ulilegea upande wa chini mwezi wa pili tu, ikabidi fundi cherehani wa Ngamiani aushone upya. Na kitambaa chenyewe huandaliwa kwa chaki na gundi ya ngozi, kwa hiyo unyevu wa pwani ni adui. Nimeitundika mbali na ukuta wa nje na dirisha, na nyuma yake nimening’iniza vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye makopo ya vidonge. Miezi minane sasa, haina doa.

Kabla ya kushona bitana aliniuliza kama aandike nyuma silabi tatu, Om, Ah, Hum, usawa wa paji, koo na moyo, kisha ipelekwe kwa lama, mwalimu wa dini wa Kitibeti, kuombewa. Nilimwambia mimi si Mbudha, sitaki kuomba jambo nisiloweza kulitunza. Aliitikia kwa kichwa, akaacha peupe. Kwa Mbudha anayetaka kununua: mwambie mchoraji mapema, maana bitana ikishashonwa mgongo haufikiki tena.