Uzoefu wangu na wakili wa masuala ya familia katika shauri la malezi ya watoto

Nilipotengana na baba watoto wangu, yeye alipendekeza tugawane watoto: achukue wa kiume, mwenye miaka 9, na mimi nibaki na wa kike, mwenye miaka 5. Kwa kuwa hatukuelewana, nilikwenda kwa wakili wa kujitegemea hapa Dar es Salaam, mama wa makamo ambaye kazi yake kubwa ni mashauri ya ndoa na mirathi. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mzazi anayejiuliza kama huduma ya namna hiyo inastahili gharama yake.

Faida ya kwanza niliipata siku ile ile ya kuonana naye. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa wakinisisitizia kwamba ni lazima kwanza nidai talaka, na kwamba bila cheti cha Baraza la Usuluhishi la Ndoa hakuna hakimu atakayenisikiliza. Wakili alinieleza kuwa sharti la baraza linamhusu anayedai talaka chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ilhali Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mzazi kupeleka maombi ya kukaa na mtoto katika Mahakama ya Watoto hata kama ndoa haijavunjwa.

Kisha aliniomba niandike maelezo yangu kwa mkono. Nilimpelekea kurasa kadhaa zilizojaa habari za mume kuchelewa kurudi, madeni na maneno ya mawifi, naye akachukua kalamu na kukata aya moja baada ya nyingine hadi ikabaki ile inayoeleza ni nani huwapeleka watoto shule na hospitali. "Mdogo wangu," aliniambia, "hakimu hatatafuta nani alivunja ndoa. Atatafuta nani anajua kadi ya kliniki ya huyu mtoto iko wapi." Badala ya zile kurasa alitaka kadi zenyewe, risiti za ada, mkataba wa pango la nyumba na barua ya mwalimu mkuu.

Nilimheshimu zaidi kwa kutonipa matumaini ya uongo. Watu wengi husema mtoto wa chini ya miaka 7 ni wa mama, basi. Yeye alifafanua kuwa Sheria ya Ndoa inaanza na dhana hiyo, lakini dhana yenyewe inaweza kukanushwa kwa ushahidi, na kwa mtoto wa miaka 9 haisaidii chochote. Kwa hiyo hoja yetu kuu aliijenga juu ya Sheria ya Mtoto, ambayo inaitaka mahakama izingatie maslahi ya mtoto, maoni yake aliyoyatoa kwa uhuru, umuhimu wa ndugu kukaa pamoja na wa malezi kutokatizwa. Alinikataza kabisa kumfundisha mwanangu la kusema. Afisa ustawi wa jamii alipokuwa anakuja kukagua nyumba zetu zote mbili, wakili alinionya nisipake kuta rangi wala kupika pilau la wageni, ili aione nyumba ilivyo siku zote.

Shauri halikufika kwenye ushahidi, kwani mawakili wa pande mbili walikaa wakaandaa hati ya makubaliano, na hapo ndipo niliona utaalamu wake hasa. Watoto wote wawili wanaishi nami na kwenda kwa baba yao wikendi moja ndiyo, inayofuata hapana. Likizo za Juni na Desemba tunagawana nusu kwa nusu, Idi ndogo na Idi kubwa tunapokezana, na ada baba anailipa moja kwa moja shuleni. Hati inataja hata saa ya kukabidhiana na watu wanaoruhusiwa kuja kuwachukua, yaani bibi yao na shangazi yao. Aliiwasilisha mahakamani ikawa amri, ili atakayeikiuka aweze kuchukuliwa hatua.

Yapo yaliyoniudhi. Mara kadhaa shauri lilipotajwa mahakamani alimtuma wakili wake mdogo ambaye hakuwa amelisoma jalada, na simu zangu alizipokea kwa kubahatisha. Gharama za nauli na za kuwasilisha nyaraka nilizijua katikati ya shauri, nje ya ada tuliyokubaliana. Anayeanza leo adai mkataba wa maandishi unaochanganua kila malipo, na ahakiki jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Asiye na uwezo asikate tamaa: ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na mashirika kama TAWLA (Chama cha Wanawake Wanasheria Tanzania) na WLAC (Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake) huwasaidia wanawake katika mashauri kama haya.

Nampa nyota 4 kati ya 5. Fedha za matunzo ya watoto zikihitaji kuongezwa binti yangu atakapoanza sekondari, nitarudi kwake, nikiwa na orodha ya gharama mkononi kabla ya kutoa malipo ya kwanza.