Migahawa ya kona Paris: kahawa 5/10, viti 10/10

Jamani nianze na kahawa yenyewe tumalizane nayo mapema. Ukiagiza "un café" unaletewa kikombe kidogo kama cha watoto wanaocheza kupikapika, espresso chungu yenye ladha ya kuungua, na huo uchungu una historia yake maana Wafaransa walizoeshwa robusta, aina ya kahawa chungu, iliyotoka kwenye makoloni yao ya Afrika, Kodivaa ikiwemo. Siku hizi wapo vijana wanaokaanga kahawa yao wenyewe na wanaijua kazi, ila hao wana sehemu zao, mimi naongelea mgahawa wa kawaida wa kona.

Sasa hiyo 10/10 nimeitoa wapi? Viti. Viti vya henzerani vimepangwa safu mbili tatu chini ya turubai na vyote vimegeuzwa barabarani, yani hata mkija wawili mnakaa bega kwa bega mnatazama watu badala ya kutazamana, na ukiwa konani unapata mitaa miwili kwa mpigo, baiskeli, mabasi, mabibi na vijibwa vyao, ugomvi wa parking, kila kitu. Na hakuna anayekufukuza. Weita anakuja na sinia la duara anakuchomekea karisiti chini ya kisahani, ukishalipa anaichana kidogo pembeni kuonyesha umemalizana naye, baada ya hapo kikombe kimoja kinakukalisha mchana mzima na hupigwi jicho. Mi hapo ndo waliponimaliza.

Kwenye bei ndo uwe makini, maana kinywaji kilekile kina bei mbili. Ukisimama kaunta unalipa euro moja na ushee hivi, ukikaa nje inaweza kuzidi mara mbili, na siyo wizi, bei zote zimebandikwa na service ishawekwa humohumo so tip siyo lazima. Mwenye haraka asimame kaunta na wafanyakazi wa asubuhi.

Café de Flore na Les Deux Magots, kule mtaa wa Saint-Germain walikokuwa wanaandikia waandishi kina Sartre na Simone de Beauvoir, piteni mpige picha muendelee na safari. Foleni ya watalii na bei ya jina, wakati mtaa wa nyuma kuna kona yenye viti vilevile.

Mabaya? Moshi. Tangu 2008 ndani hairuhusiwi kuvuta, kwa hiyo wavutaji wote wako nje na wewe, na zile hita za nje zilipigwa marufuku 2022, so baridi ikianza koti ni lako. Weita wanasemwa wana nyodo ila anza na salamu, "bonjour", kabla ya kuagiza chochote uone anavyobadilika. Mmoja karibu na kanisa la Notre-Dame niliomba maji akaniletea chupa ya kulipia bila kuuliza, kwa hiyo sema kabisa "une carafe d'eau", yani jagi la maji, hayo ni ya bomba na ukiwa umeagiza kitu ni bure. Mchana meza ikiwa na uma na kisu ujue ni ya wanaokula, ukikaa na kikahawa chako utahamishwa. Na choo kipo chini kwenye ngazi nyembamba za kuzunguka, mwenye sutikesi aiache hotelini.