Sensa ya eaflo ya eksi-Japan kutoka Kirinyaga Road: uzoefu wangu na Fielder

Wacha nianze na jibu la kama ununue used ama mpya, juu najua wengi wenu ndio mnatafuta. Sensa ya eaflo (ile inapima hewa inayoingia kwa injini) used, ile jenuini ya kampuni ya Denso iliyotolewa kwa gari ya Japan, imenifanyia kazi vizuri kuliko mpya ya boksi niliyowekewa na gereji, na ikanitoka pesa kidogo pia. Ila kuna venye unainunua. Ukienda tu ulipe urudi nyumbani unaweza pata takataka, na hapo mtu wa duka atakuambia vitu vya umeme havirudishwi, na imeisha hivyo.

Gari yangu ni Toyota Fielder ya 2013, injini ya 1NZ (lita moja na nusu), iliingia Kenya 2020. Natumia kubeba mboga, asubuhi natoka Kahawa West nashika Northern Bypass mpaka Ruaka, alafu napanda Ndenderu, Banana, hadi Limuru, nikirudi nimejaza kabichi na viazi nyuma. Kwa hivyo gari yangu mlima inajua, na mimi najua kelele zake.

Shida ilianza polepole. Ukitoka Ruaka ukianza kupanda unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele lakini gari haivuti, alafu inajikaza ghafla kama imeamka, alafu inalala tena. Na hiyo ni gari tupu, mzigo si nachukua huko juu. Nyuma yangu matatu inanipigia honi, makanga ametoa kichwa dirishani ananiambia mathe peleka hiyo kitu pembeni. Watu wa soko wakaniambia ati ni milima, Limuru hewa ni nyepesi. Ni kweli hewa ni nyepesi, Nairobi yenyewe iko kama mita 1,700 juu ya bahari na Limuru imepita 2,000, injini ndogo lazima ipoteze nguvu kiasi. Lakini hiyo milima ilikuwa hapo tangu ninunue gari, haikuhamia mwaka huu.

Alafu taa ya injini ikawaka.

Gereji ya kwanza sitaitaja. Wakaweka mashine ya kusoma komputa ya gari, ikasoma namba ya kosa P0171, ambayo kwa lugha rahisi ni kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Hiyo namba haisemi kitu gani kimeharibika, inasema tu hesabu haitoshani, inaweza kuwa sensa ya eaflo, inaweza kuwa paipu imepasuka inavuta hewa pembeni, inaweza kuwa pampu ya mafuta imechoka. Lakini hao vijana mara moja wakasema plagi. Nikabadilishiwa plagi zote nne, gari ikabaki vilevile. Wakasema koili. Koili moja ikabadilishwa, gari vilevile. Ndio sasa mmoja akasema madam hii ni eaflo, ngoja nitume mtu, akatuma bodaboda, ikaja sensa kwa boksi nyeupe inang'aa, na stika ya kampuni kubwa ambayo hata maandishi yake yalikuwa yameenda upande. Shilingi 4,500, na kazi kando. Kitu moja tu nilisimama nayo ni kwamba ile ya zamani nirudishiwe mkononi. Nilikuwa nafanya hivyo hata marehemu mzee akiwa ndio anapeleka gari, spea ya zamani inarudi nyumbani, usiwaachie.

Hiyo sensa ya boksi nyeupe ilifanya gari iwe na shida ingine kabisa. Mlima ilivuta kiasi, sawa, lakini ukisimama kwa foleni injini inatetemeka, petroli inanuka hadi ndani, na mdomo wa egzosti ukaanza kuwa mweusi kama sufuria ya kuni. Mafuta nayo! Gari iliyokuwa inaenda karibu kilomita 14 kwa lita ikawa haifiki 10. Taa ikarudi, safari hii P0172, yaani kinyume cha ile ya kwanza, sasa mafuta ni mengi kuliko hewa. Nikarudi kwa gereji, wakaniambia ati komputa bado inajifunza, nipe muda. Nikawapa muda, ikajifunza kukunywa petroli zaidi. Kuomba pesa nirudishiwe, vitu vya umeme havirudishwi.

Aliyenisaidia ni fundi wa umeme wa magari hapa kwetu, huyu hana hata gereji, anakuja na begi mgongoni. Yeye hakugusa kitu kwanza. Alichomeka kakifaa ka bluetooth ka kusoma komputa ya gari chini ya usukani, zile za ELM327 unapata Luthuli Avenue, akaunganisha na simu, akaniambia mama washa gari, usikanyage kitu. Akanionyesha namba kwa simu. Akaniambia hii sensa kazi yake ni kupima uzito wa hewa inayoingia kwa injini, gramu kwa sekunde. Ndani kuna kawaya kembamba kanachemshwa na umeme, hewa ikipita inakapoesha, komputa inaongeza umeme ndio joto libaki palepale, na ule umeme ulioongezwa ndio unaiambia hewa ni kiasi gani. Kutoka hapo komputa ndio inajua imwage mafuta kiasi gani. Sasa injini ya lita moja na nusu ikiwa imepata moto na imesimama tu, unatarajia namba ya kama 2 hivi. Yangu ilikuwa inasoma zaidi ya 4. Yaani sensa ya boksi ilikuwa inadanganya komputa kwamba hewa ni mara mbili, na komputa maskini inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo.

Akazima gari, akachomoa soketi ya sensa, akawasha tena bila sensa. Gari ikanguruma bila kutetemeka! Nilicheka. Akaniambia Toyota ikikosa sensa inatumia makadirio yake, inaangalia mzunguko wa injini na throto (ule mlango wa kuingiza hewa) imefunguka kiasi gani, na hayo makadirio yalikuwa afadhali kuliko uongo wa ile kopi. Sio ati utembee hivyo kila siku, taa inabaki imewaka na mafuta hayatoshani sawasawa, lakini kama kipimo cha haraka ni kizuri na hakina gharama.

Alafu akaniuliza, ile ya zamani iko wapi? Nikaitoa kwa kabati. Tukaiangalia kwa jua. Pale ndani ya kale kashimo hewa inapitia, waya wake ulikuwa umevaa vumbi kama manyoya, rangi ya kijivu, imeshikana na mafuta mafuta. Akaipuliza na ile dawa ya kopo ya kusafisha sensa za eaflo, akaiacha ikauke kabisa kwanza, hakupangusa na kitambaa wala pamba. Tena akanionya, mtu akikuja na petroli na mswaki au ile dawa ya kabureta mfukuze, hako kawaya kakiguswa kamekwisha. Tukairudisha. Ikasoma vizuri gari ikiwa imesimama, lakini ukikanyaga namba inapanda kidogo alafu inakwama, inashuka, inapanda. Akasema hii imechoka, tafuta ingine, lakini usinunue ya boksi.

Basi Kirinyaga Road, au Grogan venye wazee wanaiita. Kwa wale hamjawahi enda, ukifika tu kuna vijana wanakufuata, unatafuta nini madam, taa, bampa, said mira, nikuonyeshe. Hao sio wenye maduka, wanakupeleka kwa duka na yao inaongezwa juu ya bei, kwa hivyo tembea kama unajua unakoenda hata kama hujui. Duka ya kwanza ilinitajia 6,000 bila hata kuniuliza ni injini gani, nikatoka. Ingine wakaniletea kopi ileile ya boksi nyeupe, stika imeenda upande vilevile! Niliyonunulia ni kijana ana kakibanda kadogo, amejaza sensa kwa ndoo za rangi, aliniuliza namba. Hapo ndio nikajua huyu tutaelewana. Kwa Toyota namba ya hii sensa inaanza na 22204, alafu kuna namba zingine tano za mwisho ambazo zinabadilika kulingana na injini, na zimeandikwa kwa mwili wa sensa yenyewe pamoja na jina la Denso. Usiende na picha ya gari, enda na sensa ya zamani mkononi, mlinganishe namba kwa namba. Soketi pia uhesabu, yetu ni pini tano juu ndani yake kuna sensa ingine ya joto la hewa, ile kitu nyeusi kama mbegu ya sukuma wiki inayotokea chini.

Nikamwambia kijana yangu, sikatai bei yako, lakini kwanza tujaribu kwa gari, ikisoma sawa nakulipa hapohapo. Akakataa. Nikaanza kutoka. Akaniita, mathe rudi, gari iko wapi? Nilikuwa nimeegesha karibu, akaja na bisibisi yake. Kazi yenyewe ni ndogo hata inakera ukikumbuka gereji walinichaji nini: zima gari, bana klipu ya soketi ichomoke, fungua skurubu mbili za nyota, sensa inatoka juu ya boksi ya eaklina, ile inakaa filta ya hewa. Akaweka ya kwanza, nikafungua simu (nilikuwa nimenunua kakifaa kangu ka ELM327 tayari), ikasoma 3 na kitu, inarukaruka. Nikamwambia hapana. Akaguna, akaenda akaleta ingine. Hiyo ikasoma 2 na kidogo, imetulia. Nikakanyaga pole pole mpaka mzunguko ukafika 2,500, namba ikapanda hadi 6 hivi bila kukwama, nikiachilia inashuka. Nikamlipa 3,800. Akanipa risiti na akaandika namba ya sensa, ati nikipata shida ndani ya wiki mbili nirudi. Kama angetimiza sijui, sikuwa na sababu ya kurudi.

Sasa malalamiko, juu sio kila kitu kilikuwa poa. Ile raba ya duara inayoziba pale sensa inaingia ilikuwa imekauka imepasuka, ikabidi nitumie ya sensa yangu ya zamani. Mkipuuza hiyo raba hewa inapita pembeni na mtarudi kwa P0171 mkilaumu sensa bure. Pia haina boksi, haina historia, huwezi jua ilikaa kwa gari gani Japan na imetembea kiasi gani. Mpya jenuini niliulizia, nikaambiwa inapita 15,000, na kwa gari ya kazi ya mboga nikaona hapana, lakini kama gari yako ni ya ofisi na kampuni inalipa, chukua hiyo tu.

Kitu kingine fundi alinionyesha ni filta ya hewa. Filta iliyokuwa ndani ilikuwa ya bei ya chini, pembeni haikai vizuri, kuna mahali unaona vumbi limechora mstari likipita kando ya filta bila kuchujwa, na hiyo vumbi yote inaenda moja kwa moja kwa kawaya. Na wale wa kuosha gari wanaopuliza filta na upepo wa kompresa wakidhani wanasaidia, wanatoboa. Nimeweka filta inayokaa sawa na nimewakataza car wash kufungua hiyo boksi.

Sasa hivi imekaa miezi kadhaa. Fundi alifuta namba za zamani kwa komputa, taa haijarudi, mafuta imerudi karibu na ile 14, egzosti imekuwa kijivu. Ndenderu napanda na gari inavuta bila ile kulala lala, ingawa na kabichi imejaa bado si Subaru.

Nikitoa alama, sensa yenyewe nne kwa tano, kijana wa kibanda nne, fundi wa begi tano bila maneno, na gereji wanajijua. Kama uko Kahawa West au Kamiti Road na unataka kusoma hizo namba kabla uende kununua, kakifaa kangu naazima, ila nirudishie siku hiyohiyo, saa kumi asubuhi mimi niko barabarani nako.