Leza ya kurutubisha urani: nyota mbili, na nimejitahidi

Mimi fundi leza. Nakata akriliki na kuchonga ngao za mahafali hapa Dar, kwa mashine ya kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo watu wakianza kuimba kwamba leza ya kampuni ya Silex ya Australia imefika na sentrifuji, zile mashine zinazozungusha gesi ya urani kwa kasi ili kuirutubisha, sasa kwisha habari yake, naisikiliza kwa sikio la fundi, si la mwenye hisa.

Wazo lenyewe ni tamu, sibishi; nyota ya kwanza ni yake. Urani inayochimbwa ina asilimia 0.7 tu ya isotopi ya 235, yaani aina ya urani inayopasuka kwa urahisi na kutoa nishati, wakati vinu vingi vya umeme vinataka asilimia 3 hadi 5. Sentrifuji huzitenga kwa tofauti ndogo mno ya uzito, ndiyo maana gesi hupitishwa mashine baada ya mashine. Leza inachagua kwa mwanga: molekuli yenye 235 inaamshwa, nyingine inapita zake. Jengo dogo, umeme kidogo. Kwenye karatasi.

Sasa njoo kwenye mashine. Mwanga unaohitajika ni wa mikromita 16 hivi, lakini leza ya kaboni dayoksaidi, ndugu wa hii yangu, hutoa 10 na ushee. Inabidi mwanga ugeuzwe, na hapo nguvu inaliwa. Tena hutoka kwa mapigo huku gesi inapita kwa kasi. Mapigo yakiwa machache kwa sekunde, gesi nyingi inatoka kama ilivyoingia. Kuongeza mapigo ndiko kunakochosha vioo na vifaa vya umeme. Tyubu yangu ikifa, mteja ananuna, nafunga nyingine. Kiwanda cha urani kinashindana na sentrifuji zinazozunguka miaka na miaka bila kuguswa.

Ninaponunua tyubu swali langu la kwanza ni saa: itafanya kazi saa ngapi? Hapa huwezi kuuliza. Marekani iliweka taarifa za teknolojia hii kuwa siri mwaka 2001, na siwalaumu, maana kiwanda kidogo kisichokula umeme ni rahisi kufichwa na mtu anayetaka bomu. Ila mnunuzi anabaki kutazama rekodi, na rekodi hairidhishi. USEC, kampuni ya Marekani ya kurutubisha urani, ilisimamisha mwaka 1999 mradi wa AVLIS, leza nyingine ya urani iliyobuniwa kwenye maabara ya Livermore, California, baada ya fedha nyingi kuteketea. GE ya Marekani ikachukua haki ya kutumia teknolojia ya Silex mwaka 2006, leseni ya kiwanda cha Wilmington, North Carolina, ikatoka 2012, kiwanda hakikujengwa, GE Hitachi, ubia wa GE na Hitachi ya Japani, ikajitoa. Tangu 2021 Silex ina asilimia 51 ya Global Laser Enrichment, kampuni inayoiendeleza leza hiyo, na Cameco, kampuni ya urani ya Kanada, 49.

Nyota ya pili naitoa kwa Paducah, Kentucky. Huko wanataka kupitisha tena mabaki ya urani yaliyoachwa na mitambo ya zamani, wayarudishe kwenye kiwango cha urani ya kawaida. Mzigo umeshachimbwa, uko kwenye mitungi juu ya ardhi, na kazi yenyewe haidai kiwango cha juu. Hapo leza isiyo kamilifu inaweza kulipa. Wenzangu wanaopiga hesabu za mradi wa urani wa Mto Mkuju kule Namtumbo waiangalie hiyo: ikifanikiwa, itakuwa sawa na mgodi mwingine sokoni, usio na shimo wala malori.