Mita ya kelele kutoka Kariakoo, miezi minne baadae

Nimekaa na hii mita miezi minne sasa, kwahiyo naongea kitu nilichokitumia. Kiwanda chetu kipo Vingunguti, tunasaga plastiki, madumu, ndoo, viti vilivyovunjika, na kazi yangu mimi ni namba, data zote za usalama na mazingira zinapita kwenye laptopu yangu kabla hazijafika kwa bosi au kwa mkaguzi wa OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi. Mita nilinunua 260,000 Kariakoo. Kalibreta yake, kifaa cha kuhakiki kama mita inasoma sawa, nilikuja kuinunua baadae duka lingine, 450,000, na ndo maana nimekaa chini kuandika haya.

Uzuri wake kwanza. Inarekodi yenyewe kila sekunde, unaifunga kwenye stendi ya miguu mitatu, unaipandisha mpaka usawa wa sikio la opareta, unaiacha shifti nzima, jioni unachomeka waya wa USB faili hilo hapo. Zamani nlikua nasimama na daftari naandika kila baada ya dakika kumi. Sasa krasha, ile mashine ya kusagia plastiki, sio mashine ya kelele moja, ikiwa tupu inavuma tu, likidondoka dumu la lita 20 inapasuka sekunde tatu nne halafu inatulia, na kwenye daftari hizo sekunde zilikua zinanipita zote. Grafu ya siku ya kwanza nilipoifungua nilibaki naitazama, meno matupu, kila jino ni dumu.

Wanaopiga hizi hesabu kwenye Excel naomba mnisikilize hapa, desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa kelele, hazijumlishwi kama maembe. Nusu saa ya 80 na nusu saa ya 90 wastani wake sio 85, ni 87.4, maana inabidi kwanza uzirudishe kwenye nguvu ya sauti, upige wastani huko, ndo urudi kwenye desibeli. Ukitumia ule wastani wa kawaida unampunguzia mtu kelele kwenye karatasi wakati masikio yake yanakula ile ile.

Mapungufu. Ukibadilisha betri saa inarudi mwanzo, usiposeti upya data za leo zinasoma mwaka mwingine kabisa. Tarehe zake zinaanza na mwezi, kwahiyo tarehe 3 mwezi wa nne Excel yangu iliisoma tarehe 4 mwezi wa tatu, nikatafuta shifti iliyopotea siku nzima mpaka kichwa kikauma. Programu yake ni ya Windows tu. Ile sponji ya kuzuia upepo ilikua imechanika tangu kwenye boksi, na bila sponji usiende kupima ukutani upande wa majirani usiku, upepo ukipiga maiki inasoma kelele ambayo haipo, halafu ndo upeleke hiyo ripoti NEMC, baraza la mazingira? Hapana.

Ila hayo yote navumilia. Kilichoniuma ni kwamba muuzaji wa kwanza nilimuuliza kabisa kuhusu kalibreta, akaniambia haina haja, hii imeshapimwa huko huko ilikotengenezwa, wewe tumia tu. Nikamwamini. Nikapima wiki mbili, pale anaposimama opareta wa krasha nikapata desibeli 88. Sisi tunafuata kipimo cha NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, kwenye 85 mtu anakaa mwisho masaa 8 kwa siku, na kila ikipanda 3 muda unakatwa nusu, kwahiyo 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2. Nikaandika masaa 4, shifti zikapangwa hivyo, watu wakabadilishana.

Halafu nikapata kalibreta. Ni kakitu kadogo kama kopo, unaingiza kichwa cha maiki kwenye tundu, unabonyeza, kanatoa mlio mmoja wa hetzi 1,000 wenye desibeli 94 kamili, mita nayo inatakiwa isome 94. Yangu ikasoma 91.2. Nikatoa nikarudisha, 91.2. Nikabadilisha betri, 91.2. Ina maana 88 yangu ilikua karibu 91, na masaa 4 niliyoyaandika kwa mkono wangu yalitakiwa yawe 2. Pembeni kuna kiskrubu, unakizungusha taratibu na bisibisi ndogo mpaka isome 94, haifiki hata dakika.

Nikashuka chini kuwaambia. Kuna baba mmoja yuko kwenye krasha mwaka wa kumi na moja, ukimwita kwa nyuma hageuki. Nikasema, "Shikamoo mzee, kuanzia kesho ni masaa mawili mawili, mimi ndo nilikosea kipimo." Hakuitika. Akazima mashine, akasogea, akanitazama mdomo, akasema, "Rudia mwanangu." Nikarudia. Safari hii akaitikia kwa kichwa, akaweka sawa vifunika masikio vyake akaendelea. Wiki ile ile nikaomba wote wa krasha wapelekwe kupima masikio, na kila asubuhi kabla sijawasha mita naanza na kalibreta, jioni tena, na zote mbili naziandika kwenye safu yake ndani ya faili ili anayesoma ripoti azione.

Kwahiyo mita yenyewe naipa nyota tatu na nusu, kalibreta tano. Kama hela inatosha kitu kimoja kwanza, subiri ujichange upate vyote, usipime na mita peke yake ukapangia watu masaa. Ile programu ya simu ya NIOSH ni ya bure na ni nzuri kuangalia haraka wapi pana kelele, ila ipo ya iPhone tu, na bado simu haina kiskrubu.

Duka la kalibreta lipo ghorofani upande wa Mtaa wa Aggrey, kijana wa pale ananyoosha maneno, alitoa kalibreta kwenye boksi akaniambia jaribu na mita yako hapa hapa kabla hujalipa. Mkienda bebeni mita zenu, na muwahi kabla ya saa tatu asubuhi, wamachinga wakishawasha spika huko chini hamtaweza kujaribu kitu.