KEM-450DAA kwenye PS3 Slim: uzoefu wangu na seti ya leza ya kubadilisha

Kama PS3 Slim yako inacheza DVD ya filamu bila tabu lakini ukiweka gemu inazungusha kidogo, inatulia, na alama ya diski haitokei kwenye menyu, jicho la buluu, yaani leza inayosoma Blu-ray, limechoka. Gemu za PS3 ziko kwenye Blu-ray, ambayo husomwa kwa leza ya nanomita 405. DVD inatumia leza nyekundu ya 650, na CD ile ya 780 isiyoonekana kwa macho. Kila moja ina diodi yake (kipande kinachotoa mwanga wa leza), ndiyo maana moja hufa na nyingine zikaendelea na kazi. Diski isipozunguka kabisa, anza kwa kukagua utepe (waya bapa wa kuunganisha) na mota. Ikigoma kuingia au ikatemwa, hapo tatizo ni roli na gia, na leza mpya utakuwa umeinunua bure.

Ninayoitumia kwa kazi hii ni KEM-450DAA. Ni seti kamili: leza, reli zake, mota ya kuzungusha diski na mota ya kusogeza leza. Leza tupu huuzwa kwa jina la KES-450D na bei yake iko chini, lakini siishauri. Itakubidi uvute reli, upachike leza mpya, kisha uitegemee mota ileile iliyokwisha kula vumbi kwa miaka. Mota ikiyumba kidogo tu, leza mpya nayo itaonekana mbovu. Kwa mashine ya banda la gemu, inayowaka kutwa nzima, nafunga seti kamili tu.

Angalia herufi za mwisho za jina la seti kabla ya kulipa. PS3 Slim za modeli CECH-2000 na 2100 kwa kawaida hutumia 450AAA, na CECH-2500 hutumia 450DAA. Hata hivyo tangazo la muuzaji si la kuaminiwa: fungua mashine, soma maandishi kwenye seti ya zamani, nunua ileile.

Kufungua si kazi ngumu. Skrubu zimefichwa chini ya vipande vya mpira na stika ya dhamana, na mojawapo inataka bisibisi ya nyota yenye tundu katikati. Draivu, yaani kifaa kizima cha kusoma diski, imekaa tu juu ya bodi kuu, imeshikwa na waya wa umeme na utepe mmoja mpana. Kizuizi cha utepe kinainuliwa kwa kucha, hakivutwi. Kikivunjika, umejiongezea kazi nyingine kubwa kuliko ya kwanza.

Bodi ndogo ya draivu usiibadilishe kwa hali yoyote. Imefungamanishwa na bodi kuu ya mashine hiyohiyo, na ukiweka ya mashine nyingine gemu hazitasomwa hata leza ikiwa mpya. Kuna mafundi wanaobadilisha draivu nzima halafu wanamwambia mteja mashine imekufa. Haijafa, rudisha bodi yake.

Kabla ya kufunga seti mpya, chunguza utepe mdogo unaoingia kwenye leza. Baadhi ya leza hutoka zikiwa na tone la lehemu lililounganisha nukta mbili, kuilinda diodi dhidi ya umeme tuli. Tone hilo likibaki, leza haiwaki. Liguse kwa pasi ya kuchomelea yenye ncha nyembamba, sekunde moja au mbili, livutike, kisha hakikisha nukta zimeachana. Wengi wanaorudisha seti wakidai ni mbovu wameruka hatua hii. Mipira ya kuzuia mtetemo nayo ihamishe kutoka seti ya zamani kama mpya haina, la sivyo draivu itanguruma.

Katika nyota tano naipa nne. Ikiwa mpya kweli, inasoma haraka na haina kelele. Nyota ya tano inapotea kwa sababu sokoni zimejaa seti zilizong'olewa kwenye mashine kuukuu na kupanguswa. Tazama vichwa vya skrubu kama vina mikwaruzo, grisi ya gia kama imeshika vumbi, na utepe kama una alama ya kukunjwa zamani. Ukiona hata moja, rudisha.

Kama bajeti haipo, jaribu kusafisha kwanza: pamba ya masikio, alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, na mkono mwepesi, maana lenzi imening'inia kwenye nyaya nyembamba kama nywele. Spiriti ya duka la dawa huwa na maji na huacha ukungu. Diodi iliyochoka kusafisha hakuifufui, lakini lenzi yenye moshi na vumbi inaweza kurudi kazini siku hiyohiyo.

Jaribu kabla ya kurudisha kava: DVD kwanza, kisha gemu ya PS3, na uiache icheze nusu saa mashine ipate joto. Kama kulikuwa na sasisho la mfumo lililokwama, lirudie sasa, kwa sababu PS3 hukataa kulimaliza wakati draivu haitambuliki.